Mama wa Pakiti

Siku ya tatu baada ya kumzika mtoto wake, Nabintu alimwambia Prudence neno ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote.

Walikuwa wamekaa mkekani nyuma ya nyumba, karibu na mafiga yasiyo na moto. Wanawake waliokuja kulia walikwisha kuondoka, kwa kuwa msiba usio na chakula haukai na watu. Prudence ndiye aliyebaki. Nyumba zao zilitazamana huko Kashojwa, mahali Wakongo na Warundi wanapoishi mlango kwa mlango ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, na kwa miaka sita wawili hao walikuwa wakiazimana chumvi, moto, na hata kitenge cha kuvaa kanisani.

"Haikuwa malaria peke yake," Nabintu alisema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Zile pakiti za karanga banatupatiaka ku kliniki, za kunenepesha mutoto. Tuliuza. Tulizipeleka ku soko ya Rwekubo, tukanunua unga. Na bale batatu bengine nabo balikuwa banalala njaa, Mama Prudence. Nilizificha mu beseni, nikafunika na majani ya sombe juu, bantu basione. Nikasema, huyu mudogo atanyonya. Lakini maziwa yenyewe ilikuwa imeisha."

Mtoto aliitwa Ushindi. Alikuwa na miezi kumi na minne. Pale kliniki walikuwa wamempima mkono kwa ule utepe wa rangi, ukasoma nyekundu, akaandikiwa pakiti za kila wiki. Wakati huo mgao wa chakula ulikuwa umekatwa, na familia ya Nabintu iliwekwa katika kundi la wanaoweza kujitegemea, yaani kundi lisilopewa kitu. Homa ilipomshika Ushindi, haikukuta mwilini kitu cha kupigana nacho.

Prudence alimshika mwenzake mkono mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

Prudence alikuwa mtu wa maigizo. Alizaliwa Bwiza, mjini Bujumbura, akafundisha Kifaransa katika shule ya msingi, na kila Jumamosi alikuwa na kikundi chake cha kuigiza. Mwaka 2015 alipokimbia machafuko alibeba begi moja la nguo na daftari tatu za michezo yake. Pale mpakani waliokuwa wamebeba sufuria na magodoro walimcheka. Naye akajibu kwamba sufuria atapata, lakini daftari hizo hakuna wa kumpa nyingine.

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka wake wa pili Nakivale, Warundi na Wakongo walikuwa wakipigana kwenye bomba la maji, mpaka mwanamke mmoja akavunjwa mkono. Mikutano ilifanyika sita, na kila mkutano uliisha kwa matusi. Prudence akakusanya vijana wa pande zote mbili, akawapa Warundi waigize Wakongo na Wakongo waigize Warundi, mahali pale pale bombani, ndoo zikiwa zimejaa njiani. Watu walicheka wakashika mbavu, halafu wakaanza kuona haya. Wiki iliyofuata ndoo zilipangwa mstari, na hakuna aliyewaamuru.

Tangu hapo Prudence aliamini kitu kimoja kama wengine wanavyoamini sala. Aliamini kwamba mtu akijiona akiigizwa mbele ya wenzake, hawezi tena kujificha, na asipoweza kujificha atabadilika.

Mwezi mmoja baada ya msiba alikuja Bwana Kabanda. Alikuwa Mganda, ofisa wa shirika moja lililoshughulikia lishe ya watoto, mtu mpole aliyezoea kukaa juu ya pikipiki yake hata wakati wa mazungumzo.

"Madamu Prudence, iko shida," alisema. "Wamama nauza chakula ya watoto. Kila duka ya Rwekubo iko na pakiti. Wafadhili nakasirika. Sasa sisi nataka igizo moja ya nguvu. Watu alie."

"Mama anayeuza pakiti si mwizi," Prudence alimjibu. "Ana njaa. Nikiandika igizo la kumtukana, hakuna atakayelisikiliza."

"Basi andika hiyo njaa. Wewe ndiyo msanii, ssebo... pole, nyabo. Mimi sitaingilia." Alikuwa amemwita bwana, akajisahihisha kuwa bibi.

Kikundi chake kilikuwa kimekaa zaidi ya mwaka bila kazi. Miradi ilikuwa imefungwa mmoja baada ya mwingine. Fébronie, mwigizaji wake mkubwa, alikuwa na watoto wawili na alikuwa analima mashamba ya wenyeji kwa malipo ya ndizi. Prudence mwenyewe alikuwa anakula mara moja kwa siku. Akakubali, akatia sahihi karatasi aliyopewa, na aliandika kwa siku nne bila kuinua kichwa.

Alijitahidi kuficha. Kijiji alikipa jina jingine, mtoto akamfanya wa kike, na mama akamwita Mama Riziki. Lakini beseni la sombe, yaani majani ya muhogo, hakuweza kuliacha. Alilifuta, akaliandika tena, akalifuta, akalirudisha. Lilikuwa la kweli, na jambo la kweli lina uzito ambao la kubuni halina. Kisha alihitaji mtu wa kuuliza jukwaani, "Mwanangu amekufaje?" Hivyo akamwandika baba aliyekuwa mbali akilima migomba ya watu, asiyejua lolote, anayerudi na kukuta kaburi bichi.

Mara mbili alivuka njia kwenda kumwambia Nabintu. Mara ya kwanza alimkuta anamsuka nywele binti yake Madeleine, waliyemwita Mado, wakazungumza habari ya mvua. Mara ya pili alifika mlangoni, akarudi. Alijiambia kwamba hata jina halikutajwa. Alijiambia pia kwamba igizo hili litamtetea Nabintu na wote walio kama yeye, na kwamba siku moja atamshukuru.

Liliigizwa Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa mpira jirani na kliniki. Kambini igizo ni moja ya vitu vichache visivyo na kiingilio, na watu walijaa mpaka kwenye magoli. Nabintu alikuja na wanawe watatu. Alikaa mbele kabisa juu ya dumu la maji, Madeleine katikati ya magoti yake. Mumewe Bonaventure, mwanamume mwembamba aliyekuwa anafyatua matofali, alisimama nyuma na wanaume wenzake.

Fébronie hakuwahi kuigiza vizuri kama siku ile. Alipoinamisha beseni, majani ya sombe yakaanguka na pakiti zikaonekana chini yake, uwanja mzima uliguna. Prudence hakutazama jukwaa. Alimtazama Nabintu. Nabintu hakulia. Aliinua pindo la kitenge chake polepole akamfunika Madeleine macho.

Mwisho wa igizo Fébronie alisimama peke yake akawageukia watu. "Nilikuwa na wanne," alisema. "Chakula kilikuwa cha mmoja. Nyinyi mngemchagua nani?"

Kukawa kimya. Hata watoto walinyamaza. Kimya kile ndicho Prudence alichokuwa akikitafuta maisha yake yote, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Ndipo Kabanda akachukua kipaza sauti. "Wamama, mumesikia? Mumeona huyu mama alifanya nini? Chakula ya mtoto si ya kuuza!"

Na hapo nyuma kukatoka sauti ya mwanamume.

"Mama Mado!" Bonaventure alikuwa anasukuma watu, anakuja mbele. "Mama Mado, ni weye! Ile beseni ni yetu! Ulinidanganya ni malaria! Mutoto wangu, ulimuua na mikono yako!"

Alifika katikati ya uwanja, akaanguka kwa magoti, akachota vumbi na kujimwagia kichwani. Wanawake waliokuwa wameshaanza kulia kwa sababu ya igizo sasa walipiga kelele za msiba. Wanaume wawili walimshika mabega. Mtu mmoja katika kundi, hakujulikana nani, akaita, "Mama wa Pakiti!" Jina likashika siku ile ile.

Nabintu alisimama. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha alimtazama Prudence. Akachukua dumu lake akaondoka, na watu wakampisha njia, lakini si kwa heshima.

Siku zilizofuata hakuna aliyempangia ndoo bombani. Kikundi cha akina mama cha kanisa kilimtumia ujumbe apumzike kwanza. Watoto waliimba wimbo wa igizo, ambao Prudence aliutunga mwenyewe, kila Nabintu alipotoka kwenda chooni. Bonaventure aliwachukua watoto wote watatu akahamia kwa kaka yake Rubondo, upande mwingine wa makazi, na kabla ya kuondoka aliweka sufuria ya mkewe nje ya mlango, kinywa chini, ishara kwamba amemwacha. Prudence aligonga asubuhi, mchana na jioni. Mlango haukufunguliwa. Siku ya nne aliusukuma, akakuta nyumba tupu.

Lakini igizo lilistawi. Waliitwa sehemu nyingine za makazi, Juru na Rubondo, wakarudishwa Kashojwa. Kabanda alipita Rwekubo akasema pakiti hazionekani tena madukani. "Igizo inafanya kazi, Madamu!" Fébronie alinunua sandali. Wenzake walikula. Prudence alisimama pembeni ya kila onyesho akijiambia kuna watoto mahali fulani wanaokula pakiti zao leo kwa sababu ya maneno yake, na huenda ilikuwa kweli. Alijaribu kuishika kweli hiyo. Ilikuwa inamponyoka kila alipotazama mlango ulio mkabala na wake.

Halafu ukaja mwaliko wa Mbarara. Wageni wa shirika walikuwa wanakutana mjini katika hoteli moja, nao walitaka kuliona igizo lenyewe. Prudence aliondoka siku moja kabla ya wenzake, kwa sababu alisikia kwa muuza samaki kwamba Nabintu alionekana Kakoba, mtaa mmoja wa mji huo.

Alimtafuta tangu asubuhi. Kakoba ina watu wengi na bodaboda nyingi zaidi ya watu, na kila mama wa Kikongo aliyemuuliza alimpima kwanza kwa macho. Mwishowe mmoja aliyekuwa anauza dagaa sokoni alimwonyesha mstari wa vyumba vya kupanga vya wanafunzi, nyuma ya karakana ya vyuma. Nabintu alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya beseni tatu, anafua mashuka ya watu.

Alimwona Prudence. Aliendelea kufua.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Prudence alisema.

"Uombe."

Prudence alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yeye, mtu wa maneno, aliyatafuta yote akayakosa. "Nilidhani watakuhurumia," alisema mwishoni. "Nilidhani wakiona kwa nini uliuza, watakuhurumia."

Nabintu aliachia shuka. Povu lilikuwa limempanda mpaka viwikoni.

"Kwa nini *niliuza*?" alisema. "Mama Prudence, siku ile pale ku mukeka nilikuambia aje? Nilikuambia 'tuliuza.' Weye ukaandika 'aliuza.'"

Prudence hakuelewa.

"Nani alisema tuuze? Ni Papa Mado. Miye nilikataa siku mbili. Mara ya kwanza ni yeye mwenyewe alizipeleka Rwekubo, ndani ya gunia ya mukaa. Mara ya pili akasema mwanaume atashitukiwa, mwanamuke haweze, ndiyo nikabeba beseni. Na kukosa, tulikosa wote wawili. Tulilia wote wawili. Tulisema tutakufa nayo." Alipangusa paji la uso kwa sehemu ya juu ya mkono. "Halafu weye unamuletea fasi ya kutokea. Unamuonesha baba hana makosa, baba alikuwa mbali, baba hajui. Bantu mingi banalia juu yake. Ungekuwa yeye, usingeingia?"

Kutoka karakana vyuma vilikuwa vinagongwa. Prudence alikumbuka jinsi Bonaventure alivyochota vumbi. Alikuwa amefanya hivyo hasa kama yule baba katika sehemu ya tatu ya igizo, kwa mkono wa kulia, mara mbili. Prudence ndiye aliyemfundisha mwigizaji wake ishara ile.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Pale uwanjani, kwa nini hukusema?"

"Nani angenisikia? Miye sina kipaza sauti."

"Nitabadilisha. Kesho nitabadilisha igizo. Nitamweka baba ndani ya kosa, nitaweka kila kitu..."

"Hapana." Nabintu alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Usiguse! Batoto bangu bako kwake. Ukimuaibisha, atabapeleka wapi? Nani atabapikia? Kila siku unashika maneno ya bantu unatengeneza, unatengeneza. Hii wacha vile iko. Usitengeneze tena."

Akapiga magoti, akarudi kwenye mashuka. Prudence alisimama pale mpaka mwenye nyumba akachungulia kuuliza kama anahitaji kitu. Ndipo akaondoka.

Kesho yake alimkuta Kabanda kwenye bustani ya hoteli akipanga viti chini ya hema jeupe. Alimwambia igizo haliwezi kuchezwa.

"Kwa nini?"

"Ni la uongo."

Kabanda alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Madamu, igizo yote ni ya uongo. Si ndiyo kazi yake?"

"Hili limemharibu mtu, Bwana Kabanda. Mtu mmoja, namjua jina. Siwezi kueleza zaidi kwa sababu nimekatazwa, lakini naomba lisichezwe."

Aliacha kupanga viti. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akajikuna shingo, akatazama saa. "Pole sana," alisema. "Lakini wageni iko njiani. Na igizo si ya wewe tena. Ni ya mradi. Ile karatasi ulitia sahihi, ndiyo ilisema hivyo."

Prudence aliwageukia wenzake. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wamevaa tayari. Aliwaomba wakatae.

Fébronie ndiye aliyejibu. "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kulia nikiwa Mama Riziki. Mwezi wa kwanza nilikuwa siwezi. Sasa naweza, na watoto wangu wanakula, unaniambia ninyamaze?"

"Kuna mtoto aliyekufa kweli, Fébronie."

"Najua. Sote tunajua. Hata hapo mwanzo tulikisia ni wa nani." Alisema bila ukali. "Tulidhani mmeshakubaliana."

Prudence alitoka mpaka kwenye lango la hoteli, akasimama karibu na mlinzi. Kutoka pale alisikia kila kitu. Ngoma ikaingia, wimbo wake ukaimbwa. Alisikia mguno wa wageni majani ya sombe yalipoanguka. Alisikia lile swali la mwisho likiulizwa kwa Kiingereza, maana Kabanda aliagiza litafsiriwe, na kimya kilichofuata, kimya kile kile. Halafu makofi yakapigwa, yakaendelea kupigwa.

"Nyabo, huko ndani kuna harusi?" mlinzi aliuliza.

"Hapana," Prudence alisema. "Ni msiba."

Aliporudi Nakivale alikwenda moja kwa moja Rubondo. Alimkuta Bonaventure kwenye tanuru la matofali, peke yake, miguu imezama matopeni. Alimwambia kwamba amemwona mkewe na kwamba anajua yote.

Bonaventure aliendelea kujaza udongo kwenye kibao cha kufyatulia.

"Unajua nini?"

"Gunia la mkaa."

Bonaventure aliulainisha udongo kwa kiganja. Aliposema, hakumtazama. "Siku ile nilikuwa nasimama nyuma. Niliona ule baba anarudia, anaona kaburi, hajui kitu. Nikasema, kumbe inawezekana. Kumbe mutu anaweza kuwa hajui. Mama Prudence, tangu mutoto alikufa sikulala. Siku ile nililala." Alipiga kibao chini, tofali likatoka limepinda. "Sasa nenda uambie bantu. Nenda. Bataniuliza miye? Bataniuliza nini? Baliona na macho yabo."

Prudence alikuwa amekatazwa kumwaibisha baba. Hakukatazwa kumtetea mama. Hivyo alianza kuzunguka Kashojwa nyumba kwa nyumba, bila ngoma wala kipaza sauti. Hakumtaja Bonaventure. Kila mlango alisema maneno machache tu, kwamba yeye ndiye aliyelitunga igizo, kwamba hakulitunga sawasawa, na kwamba Nabintu hakufanya peke yake alichoonyeshwa akifanya peke yake. Alisema kosa ni lake yeye Prudence.

Walimsikiliza kwa adabu. Wengine walimkaribisha kiti. Kisha mama wa kwanza akasema, "Lakini tulimwona." Wa pili akasema, "Mumewe alilia, mwanamume halii bure." Mzee Sebagabo, aliyekuwa katekista, mtu mwenye akili, alimsikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa. "Binti yangu, ukisema lile lilikuwa si kweli, na la bomba la maji je? Nalo lilikuwa uongo?" Prudence aliinuka akaaga. Alikwenda kliniki siku ya kupima watoto, akajaribu kusema na akina mama waliopanga foleni. Mmoja wao, msichana mwembamba mwenye mtoto mgongoni, alimkatiza.

"Dada, tuondokee. Ukikaa hapa utatusikia, halafu utaandika lingine."

Wengine walivuta watoto wao karibu, na mmoja akalisukuma gunia lake la mkaa nyuma ya miguu. Ndipo Prudence akaelewa kilichotokea. Akina mama hawakuacha kuuza pakiti. Walikuwa wameacha kusema. Pakiti zilikuwa zinauzwa mbali zaidi ya Rwekubo sasa, gizani mwa magunia, na mtoto akidhoofika mama hakumwambia jirani, wala muuguzi, kwa kuogopa kuimbwa.

Alimpelekea Kabanda habari hiyo. Kabanda aliandika kitu kwenye simu yake, akasema ataifikisha juu. Huenda aliifikisha. Igizo liliendelea, Fébronie akiliongoza, na miezi minne baadaye mradi ukafika mwisho wake kama miradi yote inavyofika, nalo igizo likakoma bila mtu kulisimamisha.

Prudence hakuandika tena. Si kwamba aliapa. Alikaa na daftari mara nyingi, na kila sentensi aliyoianza ilikuwa na mtu ndani yake, na kila mtu alikuwa na mlango, na nyuma ya mlango watoto. Akawa anakwenda kulima maharage ya wenyeji pamoja na wanawake wengine. Walizungumza wakilima, lakini yeye akikaribia walibadilisha habari.

Wakati wa kiangazi Bonaventure alileta mwanamke mwingine nyumbani. Mwanamke yule aliwapokea wavulana wawili, lakini alimkataa Madeleine, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na kuanza kufanana sana na mama yake. Asubuhi moja Bonaventure alikuja Kashojwa akimshika binti yake mkono. Hakuingia ndani.

"Weye unajua fasi mama yake anakaa," alisema. "Umupeleke."

Prudence alimpeleka. Njia nzima mtoto alikumbatia mfuko wa nailoni wenye gauni moja na kandambili ambazo hakuzivaa, ili zisichakae kabla mama yake hajaziona.

Nabintu alikuwa uani, amesimama, anakamua shuka na mwanamke mwenzake, kila mmoja ameshika ncha yake. Alipomwona mtoto aliiachia ncha yake ikaanguka kwenye vumbi. Hakukimbia. Alikuja taratibu, akachuchumaa, akaishika miguu ya Madeleine, mmoja mmoja, akaipangusa kwa kiganja, akatazama nyayo. Kisha akamshika usoni. Halafu akambeba mgongoni, mkubwa vile, miguu ikining'inia, akamfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Prudence alisimama pembeni ya kamba ya kuanikia. Alingoja. Baada ya muda Nabintu alimgeukia.

"Umekula?"

Prudence alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake mchana. Alitazama kile chumba kimoja, jiko la mkaa lenye sufuria ndogo, na mtoto aliyeongezeka.

"Nimekula," alisema.

"Haya," Nabintu alisema. Akaokota shuka lililoanguka, akalitikisa, akalirudisha kwenye maji kulifua upya.

Prudence akatoka barabarani kutafuta teksi ya kurudi Nakivale kabla hazijaisha.